Jinsi ya kuchagua majina ya tebo kwenye databesi, kwa mfano wa mfumo wa kikoba

"Table 'kikoba.Wanachama' doesn't exist". Hayo maneno niliyaona saa nne usiku, siku tunapandisha mfumo wa kikoba kimoja kutoka kwenye laptop kwenda kwenye seva ya kulipia, na wanachama walikuwa wameshaambiwa kesho yake kikaoni kila mtu atapata meseji ya salio lake. Tebo ipo, naiona, nikiifungua ina watu wote na namba zao za simu, lakini mfumo unasema haipo. Na kwenye laptop ilikuwa imefanya kazi miezi mitatu bila shida yoyote. Kumbe ni herufi moja tu, W kubwa kwenye programu na w ndogo kwenye databesi, na sababu yake ntaieleza kwenye hatua ya nne maana inawakuta wengi sana wanaoanzia Windows alafu wanahamia Linux.

Tebo, au majedwali kama unapenda kiswahili cha shule, ukishazipa majina hayo majina yanaingia kila mahali: kwenye kila kwiri (ombi unaloiandikia databesi), kwenye ripoti, kwenye bakapu, kwenye kichwa cha mtu atakayeshika kazi baada yako. Kuyabadilisha baadae inawezekana lakini ni kazi. Kwa hiyo tutumie nusu saa sasa hivi. Mfano wangu ni kikoba kwa sababu karibu kila mtu anakijua, watu wanakutana kila wiki, wananunua hisa, wanakopa, wanarejesha, anayechelewa anapigwa faini, mwisho wa mzunguko wanagawana.

Hatua ya 1: Kusanya majina kwa wenye kazi, usiyatunge

Usianze na laptop. Chukua daftari, nenda kakae na yule anayeshika hesabu kwa mkono, mwambie akuonyeshe vitabu vyake, na kila nomino anayoitaja iandike kama alivyoitamka. Mi nilikuwa nimeshatengeneza tebo inaitwa akiba, nikaenda nayo kwa mama mweka hazina nikamwonyesha. Akaangalia, akaweka kidole kwenye skrini, akasema, "Hii siyo akiba mwanangu, hii ni hisa. Akiba ukipata shida unaichukua. Hisa unasubiri mpaka tugawane."

Nikamuuliza, "Na hii ya mfuko wa jamii mama, nayo ni hisa?"

"Hapana. Ya jamii hairudi kwa mtu, ile ni ya misiba na kuuguliwa."

Ndani ya dakika tano tebo moja imekuwa tatu: hisa, akiba, mfuko_jamii. Na hilo halikuwa suala la jina tu, maana ningeziacha kwenye tebo moja siku ya mgao mfumo ungewagawia watu hela ya misiba. Ndo maana naweka hatua hii ya kwanza kabisa. Jina likigoma kukaa vizuri mara nyingi ni kwamba hujaelewa kitu chenyewe, au umechanganya vitu viwili.

Ukimaliza utakuwa na orodha kama hii: mwanachama, hisa, akiba, mkopo, rejesho, faini, kikao, mfuko wa jamii, mgao. Iandike hivyo hivyo, bado hatujagusa SQL, ile lugha ya kuongea na databesi.

Hatua ya 2: Chagua lugha moja ya nomino

Databesi nyingi nilizokabidhiwa zina customers, zina malipo, zina LoanType, zina tbl_mikopo, zote kwenye sehemu moja. Kila ukitaka kuandika kwiri unaanza kujiuliza, hivi hii waliita payments au malipo? Unafungua orodha unatafuta. Kwa siku mara kumi, kwa mwezi je.

Kiswahili au kiingereza, vyote vinafaa. Swali ni nani atasoma. Kama timu yako ina watu wa nchi tofauti, au mfumo unaungana na mifumo ya nje, weka kiingereza na usione aibu. Kama watumiaji ni waswahili, ripoti ni za kiswahili, na anayekuja kurekebisha kesho ni kijana wa hapa hapa, mi naweka kiswahili, kwa sababu moja kubwa: neno la mweka hazina na neno la databesi linakuwa lile lile. Akinipigia simu akasema "rejesho la mama fulani halijaingia", najua nafungua tebo ipi bila kutafsiri kichwani. Ukitafsiri ndo unapotelea, maana hisa utaiita shares, akiba savings, mfuko wa jamii utaupa neno lako mwenyewe, na mwenzako ataupa lingine.

Kitu kimoja ambacho naruhusu kichanganyike ni vile vinavyoletwa na fremuweki yenyewe, yani kiunzi unachojengea programu kama Laravel, Rails au Django. Laravel ikikuwekea created_at na updated_at ziache hivyo hivyo, na id iache id. Sheria ni ya nomino za kazi, yani vitu ambavyo mteja wako anavitaja.

Hatua ya 3: Umoja au wingi

Hapa ndo pana maneno mengi kuliko pote, na hapa nakaa kidogo, kwa sababu ushauri mwingi unaosomwa umeandikwa na watu wanaofikiria kiingereza. Kwenye kiingereza wingi ni s ya mwisho. customer, customers. Zote zinaanza sawa, kwenye orodha zinakaa jirani, ukiandika herufi tatu za kwanza kihariri kinakuletea zote mbili. Kwa hiyo kwao kubishana umoja na wingi ni suala la ladha tu.

Sisi wingi wetu unakaa mbele ya neno. Mwanachama, wanachama. Mkopo, mikopo. Kikao, vikao. Sasa tengeneza tebo inaitwa vikao, alafu kwenye tebo ya faini unaweka kolamu (safu) ya kikao_id, inayosema faini ni ya kikao kipi. Tebo iko kwenye V, kolamu yake iko kwenye K. Ukiandika "kik" kihariri hakikuletei tebo. Ukitafuta neno kikao kwenye faili zote ili ujue inatumika wapi, tebo yenyewe haitokei. Alafu kuna zile ambazo hazibadiliki kabisa, hisa ni hisa, faini ni faini, akiba ni akiba, ankara ni ankara, kwa hiyo hata ukisema natumia wingi, nusu ya tebo zako hazionyeshi wingi wowote.

Halafu inakuja fremuweki. Laravel inachukua jina la modeli, yani tebo inavyoitwa ndani ya programu, na kulitafutia wingi wa kiingereza. Modeli yako ni Mwanachama, yenyewe inaenda kutafuta tebo inaitwa mwanachamas. Mkopo inakuwa mkopos. Rails ni hivyo hivyo, na Sequelize pia. Django haiweki wingi kwenye tebo, inaunganisha jina la app na jina la modeli inakuwa kikoba_mwanachama, lakini kwenye kurasa za admini utakuta imeandika Mwanachamas kwa herufi kubwa mwanzoni, na mteja ataiona.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: ukitumia kiswahili, weka umoja. Tebo ni mwanachama, kolamu inayoielekea ni mwanachama_id. Tebo ni mkopo, kolamu ni mkopo_id. Tebo ni kikao, kolamu ni kikao_id. Jina la tebo, weka _id mwisho, basi, hamna kufikiria ngeli. Na kwenye Laravel hii inakaa vizuri sana kwa sababu foreni kii, yani hiyo kolamu ya _id inayoelekea tebo nyingine, yenyewe inaitunga kutokana na jina la modeli, kwa hiyo unabaki kuiambia kitu kimoja tu:

protected $table = 'mwanachama';

Kwenye Django weka ndani ya Meta:

db_table = 'mwanachama'
verbose_name_plural = 'wanachama'

Kwenye Sequelize washa freezeTableName. Kwenye Prisma tumia @@map("mwanachama"), maana bila hiyo itatengeneza tebo yenye herufi kubwa na hilo tunalikimbia hatua inayofuata. Rails unaweza kuifundisha ngeli kwa inflect.irregular 'mwanachama', 'wanachama', ila utafundisha neno moja moja mpaka uchoke, bora uiambie tu jina la tebo kwa self.table_name.

Vipi kuhusu maneno yanayozaliwa wingi, kama malipo, mapato, matumizi, mahudhurio? Hayo yaache yalivyo. Usilazimishe umoja ambao watu hawautamki, hakuna anayesema "lipo" akimaanisha malipo. Ila rejesho linatamkwa, vikoba vingi wanasema "rejesho la wiki hii", kwa hiyo tebo ni rejesho na kolamu ni rejesho_id. Kipimo ni mdomo wa watu.

Na kama umeamua kiingereza na uko Laravel au Rails, fuata wingi wao, customers, loans, usipigane na fremuweki bila sababu. Kosa ni kuchanganya, siyo kuchagua huku au kule.

Hatua ya 4: Herufi ndogo zote, maneno yaunganishwe na kistari cha chini

Sasa turudi kwenye ile saa nne usiku. MySQL, ile programu ya databesi niliyokuwa natumia, kila tebo inaihifadhi kama faili, na kwenye Linux faili la Wanachama na faili la wanachama ni vitu viwili. Windows haitofautishi. Kuna mpangilio unaitwa lower_case_table_names, kwenye Windows unakuja ukiwa 1, maana yake jina lolote unaloandika linahifadhiwa kwa herufi ndogo na likiitwa halijali ukubwa wa herufi. Kwenye Linux unakuja ukiwa 0, yani jina lilivyo ndivyo liitwe. Kwa hiyo mi niliandika Wanachama kwenye programu, XAMPP (kifurushi kilichobeba databesi yangu kwenye laptop) ikahifadhi wanachama, kila kitu kikaenda, nikatoa bakapu yenye wanachama nikaipeleka Linux, programu bado inaita Wanachama. Na usidhani utabadilisha tu ule mpangilio kwenye seva, kuanzia MySQL 8.0 unawekwa siku databesi inaanzishwa tu, baada ya hapo haubadiliki, tena kwenye hostingi ya pamoja hupewi hata nafasi ya kuugusa.

PostgreSQL, programu nyingine ya databesi, ina tabia yake. Ukiandika CREATE TABLE Wanachama bila alama za nukuu, inashusha yote inakuwa wanachama, na ukiita Wanachama, WANACHAMA au wanachama zote zinafika. Ila ukiweka nukuu, CREATE TABLE "Wanachama", basi W inabaki kubwa na kuanzia hapo kila kwiri mpaka siku ya kufa kwa mfumo lazima uweke nukuu. Oracle nayo inapandisha yote kuwa herufi kubwa. Umeona, kila mmoja na mkondo wake. Herufi ndogo zote na kistari cha chini ndo mahali pekee ambapo wote hawakusumbui: aina_mkopo, mfuko_jamii. Usitumie staili ya ngamia, ainaMkopo, maana ikishushwa inakuwa ainamkopo na haisomeki. Nafasi kati ya maneno usiweke kabisa, na kistari cha kawaida cha katikati usiweke, databesi inakisoma kama alama ya kutoa.

Hatua ya 5: Epuka maneno ambayo SQL imeshayachukua, na chunga ng'

Fungua PostgreSQL uandike:

SELECT * FROM user;

Haikuletei kosa. Inakuletea mstari mmoja wenye jina la akaunti uliyoingilia, labda postgres. Kwa sababu user pale ni neno la SQL lenyewe, linamaanisha "mimi niliyeingia ni nani". Fikiria mtu ana tebo yake ya watumiaji kaiita "user" kwa nukuu, siku moja kasahau nukuu, kwiri inapita bila kelele na inaleta jibu lisilo lake. Kosa linalopiga kelele ni afadhali.

order na group zenyewe zinagoma pale pale, syntax error. Na orodha ya maneno hayo inaongezeka. MySQL 8.0 ilipotoka rasmi 2018 iliongeza groups, rank na system, kwa hiyo mifumo iliyokuwa na tebo ya groups kwenye 5.7 ilifika kwenye 8.0 ikaanza kulia. Wenye Laravel wengi hawakuona kitu kwa sababu inaweka alama za nukuu kila jina, mpaka ile ripoti moja iliyoandikwa kwa SQL ya mkono.

Hapa kiswahili kinakubeba. mtumiaji, oda, kikundi, nafasi, mfumo, hakuna hata moja ambalo SQL inalidai. Nimefanya kazi na majina ya kiswahili muda mrefu na sijawahi kugongana na neno lililoshikwa.

Ila kuna mtego wetu wenyewe, ng'. Mtu anafanya mfumo wa mifugo anataka tebo ya ng'ombe. Hiyo alama ya juu kwenye SQL ndo inayofungua na kufunga maandishi, kwa hiyo CREATE TABLE ng'ombe inaacha maandishi yamefunguliwa, na psql (dirisha la amri la PostgreSQL) itakaa inakusubiri ufunge huku huelewi kwa nini haijibu. Iite ngombe, bila alama, au bora zaidi iite mnyama uweke kolamu ya aina, maana kesho mfugaji huyo huyo ataleta mbuzi. Kwenye data yenyewe, pale mtu anapoandika Ng'ang'a au ng'ombe kama thamani, andika kwa usahihi na alama zake zote, programu yako itumie vigezo vya kwiri, yani thamani ipelekwe peke yake pembeni ya kwiri, badala ya kuunganisha maandishi, hapo hamna shida.

Hatua ya 6: Toa kila kitu ambacho jina halikihitaji

tbl_ ya mbele toa. Kila mtu anajua ni tebo, na orodha nzima ikianza na tbl_ unapoteza faida ya kutafuta kwa herufi ya kwanza. Alafu siku ukiigeuza iwe viu (kwiri iliyohifadhiwa, inasomeka kama tebo), jina linadanganya, tbl_mkopo siyo tebo tena.

Mwaka toa. mkopo_2023, mkopo_2024, mkopo_2025, hii naiona sana kwa watu waliotoka kwenye Excel ambako kila mwaka ni shiti mpya. Mwanachama aliyekopa Novemba 2024 akamaliza kurejesha Februari 2025 utamtafuta wapi? Tebo ni moja, mkopo, ina kolamu ya tarehe. Ukitaka mwaka unachuja.

Jina la kampuni toa. Kuna watu wana tebo inaitwa tigopesa. Mwishoni mwa 2024 Tigo ikawa Yas na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Na wale wa zamani zaidi wanakumbuka Celtel ilivyokuwa Zain 2008, alafu Airtel 2010, namba ya simu ile ile mkononi. Tebo iite malipo, uweke kolamu ya mtandao, na majina ya mitandao yakae kama data kwenye tebo yake. Yakibadilika unarekebisha mstari mmoja.

Viunganishi navyo, ya, wa, la, cha. aina_ya_mkopo, kiasi_cha_mkopo, jina_la_mwanachama. Kwa kuongea ni sawa kabisa, ila kwenye majina ni herufi za bure na ni sehemu ya kukosea, hasa mkiwa wengi na mwingine kazoea kuongea "kiasi ya mkopo". Tebo ni aina_mkopo. Na kolamu zilizomo ndani ya mkopo hazihitaji kurudia neno mkopo, kiasi inatosha, riba inatosha, mkopo.kiasi inajieleza.

Na urefu. PostgreSQL jina likizidi baiti 63 inalikata na inakutupia notisi ambayo wengi hawaisomi. MySQL mwisho ni herufi 64. Utasema nani ataandika jina refu hivyo, basi angalia hii ambayo mtu anaweza kuiandika kwa nia njema kabisa:

orodha_ya_wanachama_waliochelewa_kurejesha_mikopo_yao_kwa_awamu_ya_kwanza

Hesabu. Inafika 63 pale pale kwenye awamu, "ya_kwanza" yote inakatwa. Ukitengeneza na ya pili yake, _ya_pili nayo inakatwa pale pale, na PostgreSQL inakwambia hiyo tebo tayari ipo. Maneno mawili yanatosha mara nyingi, matatu ni mwisho. Hiyo ya juu wala siyo tebo, ni kwiri kwenye tebo ya rejesho.

Hatua ya 7: Tebo za kuunganisha zipe nomino yao

Mwanachama anaweza kudhamini mikopo mingi, na mkopo unaweza kuwa na wadhamini wawili watatu. Hapo unahitaji tebo ya katikati. Kitabuni utaambiwa iite mwanachama_mkopo, na Laravel itataka majina mawili ya umoja kwa mpangilio wa alfabeti. Inafanya kazi, ila jina hilo halisemi ni uhusiano gani, maana mwanachama na mkopo wana uhusiano wa aina mbili, kuna aliyekopa na kuna aliyedhamini. Ukisoma mwanachama_mkopo miezi sita baadae huna hakika ni upi.

Kiswahili kimetupa herufi u. Mdhamini kwa mkopo, hicho kitu cha katikati ni udhamini. Mwanachama kwa kikoba, kama mfumo unahudumia vikoba vingi, ni uanachama. Mwanafunzi kwa somo ni usajili. Mtu kwa kiwanja ni umiliki. Na mwanachama kwa kikao ni mahudhurio. Karibu kila uhusiano wa watu na vitu lugha yetu ina nomino yake tayari, na ukiipata utaona kolamu zinakuja zenyewe: udhamini una mwanachama_id, una mkopo_id, una kiasi anachodhamini, una tarehe aliyosaini. uanachama una tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka na cheo. Ungeita mwanachama_kikoba usingefikiria hata kuweka tarehe ya kutoka.

Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote, na naomba uijaribu hata kama databesi yako ni ya kiingereza, fikiria kwanza neno la kiswahili la uhusiano huo alafu ndo ulitafutie lake.

Hatua ya 8: Majina ya vifungo na indeksi

Fupi tu. Vifungo ni masharti ya data, kama foreni kii. Ukiacha MySQL ikutungie jina la foreni kii itaita mkopo_ibfk_1, na siku kosa likitokea utasoma mkopo_ibfk_1 usijue ni kolamu ipi. PostgreSQL inajitahidi, inaita mkopo_mwanachama_id_fkey. Mi natunga mwenyewe kwa mfumo mmoja, fk_mkopo_mwanachama, yani tebo iliyopo alafu tebo inayoelekewa. Indeksi, yani faharasa ya kutafutia haraka, idx_rejesho_tarehe. Kama kuna foreni kii mbili kwenda tebo moja, zipe jina la kazi yake: kwenye mkopo weka mkopaji_id na mwidhinishaji_id, zote zinaelekea mwanachama, hapo sheria ya hatua ya 3 inavunjwa kwa sababu nzuri.

Hatua ya 9: Andika sheria, na kila tebo iwe na maelezo yake

Faili moja kwenye projekti, liite MAJINA.md, mistari kumi haizidi: lugha, umoja, herufi ndogo, vifupisho vinavyoruhusiwa, basi. Mtu mpya akija anasoma kabla hajatengeneza tebo yake ya kwanza. Alafu maneno yale ya mama mweka hazina yaweke ndani ya databesi yenyewe:

COMMENT ON TABLE hisa IS 'Michango inayogawanwa mwisho wa mzunguko. Haitolewi katikati. Siyo akiba.';

Hiyo ni PostgreSQL. Kwenye MySQL unaweka COMMENT='...' mwishoni mwa CREATE TABLE. Hata likipotea faili, maelezo yanabaki na tebo na yanasafiri na bakapu.

Hatua ya 10: Kama databesi tayari ipo na imeshaharibika

Usibadilishe zote usiku mmoja. Chukua tebo moja, ipe jina jipya, alafu jina la zamani liache kama viu ili programu za zamani ziendelee kuishi:

BEGIN;
ALTER TABLE "tblWanachama" RENAME TO mwanachama;
CREATE VIEW "tblWanachama" AS SELECT * FROM mwanachama;
COMMIT;

PostgreSQL inafanya yote mawili kwa mkupuo, ikikwama inarudisha kama mwanzo. Viu rahisi kama hiyo inakubali hata kuingiza na kurekebisha data, kwa hiyo fomu za zamani hazitajua kilichotokea. Kwenye MySQL mabadiliko ya aina hii hayarudishwi na ROLLBACK, chukua bakapu kwanza, na ujue RENAME TABLE inaweza kubadili tebo kadhaa kwa amri moja, zote kwa pamoja au hamna hata moja. Kumbuka pia kwamba kwenye PostgreSQL ukibadili jina la tebo, indeksi zake na ile sikwensi ya id (inayotoa namba za id) zinabaki na jina la zamani, zinafanya kazi lakini zitakuchanganya, zibadili na zenyewe.

Kaa wiki mbili tatu, tafuta jina la zamani kwenye faili zote za programu na kwenye ripoti, likiisha toa viu. Nenda tebo inayofuata.

Kila ukimaliza duru moja piga hii kwenye PostgreSQL:

SELECT table_name FROM information_schema.tables
WHERE table_schema = 'public'
AND (table_name <> lower(table_name) OR table_name LIKE 'tbl%');

Itakutajia zilizobaki na herufi kubwa au tbl, pamoja na zile viu ulizoziacha za muda. Kwenye databesi ya kikoba kingine mara ya kwanza ilinirudishia mistari kumi na nne, na mwezi wa pili ikarudisha moja tu, "tblFaini", kwa sababu ripoti ya katibu ilikuwa bado inaiita hivyo, nikairekebisha ile ripoti Jumamosi moja kabla ya kikao na nikaitoa.